Nimemaliza kidato cha sita na nataka kusomea dansi: nichague kozi ya aina gani?

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Tororo. Nina miaka 20, nimemaliza kidato cha sita, na nimepata ufaulu mkuu katika Kiswahili na Historia. Nimecheza ngoma tangu shule ya msingi, nimefika tamasha la taifa la shule mara mbili, na sasa kikundi chetu hualikwa kwenye harusi. Wapo wanaoniambia niombe Makerere, wengine wanasema Kyambogo nikawe mwalimu, rafiki yangu anakwenda Bagamoyo, na binamu yangu aliye Marekani anasema kwamba huko kuna shahada za kucheza tupu. Baba, askari polisi mstaafu, anataka nisome kitu chenye ajira. Kila mwaka kabla ya tamasha mimi ndiye ninayewafundisha ngoma watoto wa shule niliyosoma, na kusema kweli hapo ndipo ninapofurahi zaidi. Nichague chuo cha aina gani? Na je, sijachelewa?

Jibu: Binti yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na nitaanza na sehemu yake ya mwisho kwa kuwa ndiyo nyepesi. Hujachelewa. Aliyechelewa akiwa na miaka 20 ni yule anayetaka kuanza baleti akitarajia kuingia katika kampuni kubwa za Ulaya, kwa sababu fani hiyo huujenga mwili tangu utotoni. Dansi ya kisasa haina mlango mwembamba kiasi hicho, na ngoma zetu hazina mlango wa umri hata kidogo. Tena wewe huanzi leo. Mtu aliyecheza tangu shule ya msingi, kiuno chake kikajifunza kuijibu ngoma moja huku nyayo zikijibu nyingine, amekwisha kupata mafunzo ya mwili ya miaka mingi, hata kama hakuna aliyempa cheti kwa ajili hiyo.

Nimefurahi kwamba umeuliza kuhusu aina ya chuo. Wengi wanaoniandikia hutaka niwatajie jina walikimbilie, na jina halimwambii mtu atakuwa akifanya nini Jumanne saa nne asubuhi. Kozi za dansi hutofautiana kwa jambo moja kubwa, nalo ni namna zinavyoligawa juma la mwanafunzi kati ya mwili, vitabu na watu. Ipo kozi ambayo kila asubuhi uko studio unatoka jasho, na kitabu unakigusa jioni. Ipo ambayo nusu ya juma ni mihadhara na insha. Na ipo ambayo sehemu kubwa ya muda unajifunza kumfundisha mwingine. Zote tatu zinaweza kuitwa dansi au sanaa za maonyesho kwenye cheti. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kuomba katika ofisi ya udahili ni ratiba ya juma moja ya wanafunzi wa mwaka wa pili. Nasema wa pili kwa sababu mwaka wa kwanza mara nyingi hujaa masomo ya jumla, na wa mwisho humezwa na mradi wa kuhitimu, hivyo ni ule wa katikati unaoionyesha kozi kama ilivyo.

Nalisema hili kwa uchungu wa mtu aliyelipia. Nikiwa kijana nilijiunga na kozi ya stashahada katika chuo ambacho sitakitaja, nikivutwa na jina lililoahidi dansi. Studio yetu ilikuwa ukumbi wa chakula, ambako tulisukuma meza kando mara mbili kwa juma, na muda uliobaki tuliandika madondoo ya historia ya tamthilia ya Ulaya. Walimu walikuwa wema, na madondoo yale yalinifaa baadaye, lakini mwili wangu ulipoteza miaka miwili ambayo sikuweza kuirudisha. Laiti ningaliiona ratiba kabla ya kulipa ada, ningalichagua vingine.

Tukianza na Makerere, hiyo ni shahada ya chuo kikuu ambamo dansi ni taaluma ya kuchunguzwa pamoja na kuchezwa. Idara iliyoanza pale mwaka 1971 kwa jina la Muziki, Dansi na Maigizo leo inaitwa Idara ya Sanaa za Maonyesho na Filamu. Katika kozi ya namna hii utacheza, lakini pia utaandika, utakwenda kwa wazee vijijini ukiwa na kinasa sauti, na utajifunza kueleza kwa maneno kile ambacho mwili wako umekuwa ukikifanya bila kuulizwa sababu.

Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mchezaji aliyelelewa na tamasha la shule hupata mshtuko. Tamasha letu limefanya kazi kubwa katika nchi hii: mtoto wa Tororo hucheza ekitaguriro ya Ankole, mtoto wa Mbarara hucheza larakaraka ya Acholi, na wote wawili hurudi nyumbani wakijua kwamba nchi ni pana kuliko kijiji chao. Lakini tamasha lina majaji wanaokaa upande mmoja na saa inayohesabu dakika. Kwa sababu hiyo ngoma hupangwa mistari iwaelekee, hufupishwa, huharakishwa, na tabasamu huwekwa hata pale ambapo wenye ngoma hawatabasamu. Bwola ya Waacholi huchezwa kwa duara, wanaume wakiwa na ngoma zao ndogo mikononi, nayo ni ngoma ya heshima ya rwot, yaani mtawala wao. Ukilifungua duara lile ili jaji aone vizuri, umekwisha kubadilisha ni nani anayechezewa. Kadodi ya Wagisu, majirani zako wa Mbale, huchezwa njiani kwa mwendo mrefu katika miaka ya tohara, ile inayogawika kwa mbili, msimu wa imbalu unapofunguliwa pale Mutoto mwezi Agosti. Jukwaani kadodi hukaa mahali pamoja kwa dakika chache, na mchezaji haujui kamwe ule uchovu wa safari ambao ndio unaoizaa hatua yenyewe. Amaggunju ya kasri la Buganda nayo ina masimulizi ya ukoo wa Obutiko, walioicheza kumtuliza Kabaka Mulondo aliyerithi ufalme akiwa mtoto mchanga. Anayejua hivyo hawezi kuicheza tena kama mazoezi ya viungo, kwa sababu anajua kwamba mbele yake yupo mtoto asiyepaswa kulia.

Kozi nzuri ya chuo kikuu inakupeleka nyuma ya tamasha, mpaka kwenye ua, njia na kasri ambako ngoma hizi zilizaliwa, kisha inakurudisha jukwaani ukiwa unajua ulichokiacha na kwa nini. Utafiti wa Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza wa Makerere kuhusu bakisimba, kwa mfano, umeonyesha jinsi ngoma ile inavyobeba fikra za watu wa Buganda kuhusu mwanamume ni nani na mwanamke ni nani. Mtu aliyepita katika fikra za namna hiyo hutunga dansi kwa namna nyingine kabisa. Zaidi ya hayo, ngoma zetu ziko hatarini kwa viwango tofauti. Bigwala ya Busoga, muziki na ngoma ya baragumu za vibuyu, iliingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na muziki na ngoma ya kinubi cha bakuli cha Wamadi ukafuata mwaka 2016. Kazi ya kuokoa vitu hivi inahitaji watu wanaoweza kucheza na kuandika kwa pamoja, na watu hao bado ni wachache.

Udhaifu wa aina hii ni kwamba saa za studio hazitoshi kamwe kumfanya mtu awe mchezaji wa kulipwa. Mwanafunzi anayetegemea darasa peke yake hutoka akiwa na hoja nzuri na mwili mzito. Hapo ndipo Kampala yenyewe inapokuwa sehemu ya shule, kwa sababu kiko kituo cha ngoma za asili cha Ndere cha Stephen Rwangyezi huko Ntinda, upo Ukumbi wa Taifa uliofunguliwa mwaka 1959, ipo kampuni ya Keiga ya Jonas Byaruhanga kwa dansi ya kisasa, na upo mradi wa breki dansi ambao Abramz Tekya aliuanzisha mwaka 2006 na unaowakusanya vijana kufundishana wao kwa wao. Ukienda Makerere, jioni zako zihesabu kuwa masomo.

Kyambogo inakupeleka kwenye aina nyingine, yaani ualimu. Chuo kile kilipoundwa mwaka 2003 kiliunganisha taasisi tatu, na mojawapo ilikuwa taasisi ya kuwaandaa walimu, kwa hiyo malezi ya ualimu yamo katika damu yake. Katika kozi za ualimu juma lako litagawanywa kati ya somo lenyewe, saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundisha, na miezi ya mazoezi katika shule halisi. Utacheza kidogo kuliko unavyotamani. Lakini utajifunza jambo ambalo wachezaji wengi wakubwa hawalijui kamwe, nalo ni jinsi ya kuivunja hatua moja katika vipande sita ili mtoto asiye na kipaji aipate ndani ya juma moja, na kutambua ni kipande gani kimemshinda.

Mazingira ya kazi hii yamebadilika, na nakuomba uyazingatie kwa makini. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umeliingiza somo la Sanaa za Maonyesho kuwa somo la kuchagua, ambamo muziki, dansi na maigizo vinafundishwa pamoja. Shule zinazotaka kulifundisha vizuri zinahitaji mtu anayeweza kupiga ngoma, kucheza na kuongoza igizo, siyo mwalimu wa Kiingereza aliyepewa kipindi cha ziada. Wakati huohuo Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 imeweka shahada kuwa kiwango cha chini kwa kila mwalimu, hivyo njia ya mkato ya kufundisha kwa cheti kidogo inazidi kufungwa. Na ujue jambo ambalo wahitimu wengi wa sanaa hulitambua wakiwa wamechelewa: shahada ya dansi peke yake haikufanyi mwalimu wa shule. Aliyesoma shahada isiyo ya ualimu hulazimika kurudi darasani kuchukua stashahada ya uzamili ya elimu, na hilo lina gharama yake ya muda na fedha.

Rafiki yako anayekwenda Bagamoyo amechagua aina ya tatu, ambayo ni mafunzo ya ufundi wa jukwaa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Hapo mwanafunzi huishi na sanaa kutwa: asubuhi ngoma, mchana maigizo au muziki, jioni mazoezi ya onyesho, na pwani yote inaongea Kiswahili. Ninawaheshimu sana wahitimu wake. Ukimweka mmoja wao katika kikundi chochote Afrika Mashariki, siku ya pili anafanya kazi, kwa sababu amefundishwa kupiga, kuimba na kucheza bila kutenganisha. Lugha yetu yenyewe inalijua hilo, maana neno ngoma ni ala, ni mchezo, na ni shughuli nzima ya watu waliokusanyika. Kozi inayokufundisha kucheza kwa muziki wa spika tu, bila mpigaji hata mmoja chumbani, imekunyima theluthi mbili za neno hilo.

Kasoro ya njia hii kwako iko katika karatasi. Stashahada ya nje ya nchi sharti ilinganishwe na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, kabla chuo kikuu cha Uganda hakijaitumia kukudahili, na wewe tayari una alama za kuingilia shahada moja kwa moja. Kama moyo wako ungekuwa wote jukwaani ningekuambia uende bila kusita. Katika kundi hilihili la mafunzo ya ufundi ziko shule za kimataifa kama École des Sables ya Germaine Acogny nchini Senegal, iliyoanza mwaka 1998, na P.A.R.T.S. ya Brussels iliyoanzishwa na Anne Teresa De Keersmaeker mwaka 1995. Hizo ni za watu waliokwisha kuamua kwamba watakula kwa miili yao, na ushindani wake ni mkali.

Binamu yako hakukosea kuhusu Marekani, ila amekuambia nusu ya habari. Huko kuna shahada za aina mbili zinazochanganywa na wengi. Moja hufupishwa BA, na ndani yake dansi huchukua takribani theluthi moja ya masomo hadi karibu nusu, mengine yakiwa lugha, sayansi, historia na kadhalika. Nyingine hufupishwa BFA, na ndani yake dansi na masomo yanayoizunguka huchukua takribani theluthi mbili au zaidi. Hiyo ndiyo anayoiita shahada ya kucheza tupu. Huingii BFA kwa alama za mtihani peke yake, kwani kuna usaili wa kucheza, na mara nyingi baleti na dansi ya kisasa ndizo lugha za usaili huo. Inanivutia kwamba shahada ya kwanza kabisa ya dansi nchini humo, iliyoanzishwa University of Wisconsin mwaka 1926, ilikuwa kazi ya Margaret H'Doubler, mwalimu wa elimu ya viungo ambaye hakuwa mchezaji wa jukwaani, na shabaha yake ilikuwa elimu ya binadamu mzima. Taaluma hii huko ilianzia kwa mwalimu.

Ushauri wangu kuhusu ng'ambo ni huu: usiikimbilie kwa shahada ya kwanza. Ada na gharama za maisha za miaka minne ni mzigo ambao familia ya askari mstaafu haipaswi kuubeba, na ufadhili kamili kwa wanaoanza ni haba sana katika fani yetu. Katika shahada ya uzamili milango hupanuka. Ipo programu ya uzamili ya Choreomundus, iliyoanza mwaka 2012, inayoendeshwa kwa pamoja na vyuo vikuu vya Norway, Ufaransa, Hungaria na Uingereza, na inayoishughulikia dansi kama urithi na maarifa. Mtu aliyekulia ndani ya ngoma za Uganda huingia humo akiwa na mtaji ambao wengine hawana. Alfdaniel Mabingo alisoma dansi Makerere kabla ya kwenda New York University kwa uzamili na University of Auckland kwa uzamivu, na sehemu kubwa ya maandishi yake yanahusu jinsi ngoma za Uganda zinavyofundishwa. Alikwenda akiwa na kitu cha kuwaeleza.

Njia ya kusoma shahada nyingine kabisa, tuseme sheria au biashara, huku dansi ikibaki ya mwisho wa juma, nitaipita haraka. Ni njia ya heshima, na vikundi vingi vya Kampala vimejaa watu wa namna hiyo. Lakini wewe hukuniandikia kama mtu anayetafuta pa kuiweka dansi pembeni.

Sasa nirudi kwako. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua yako, pale unaposema kwamba unafurahi zaidi ukiwafundisha watoto. Nimekaa kwenye meza za usaili kwa miaka mingi, na naweza kukuambia kwamba vijana wengi wenye vipaji hawawezi kusema sentensi ile. Wao furaha yao iko pale taa zinapowaka na watu kunyamaza. Hakuna ubaya, nao wanahitaji Bagamoyo au Senegal. Wewe furaha yako iko katika uso wa mtoto aliyeipata hatua. Kwa mtu wa namna hiyo ninapendekeza shahada ya ualimu, yenye sanaa za maonyesho au muziki kama somo mojawapo la kufundisha.

Na hapa ndipo baba yako anapokuwa na haki, na ningependa umwambie kwamba nimesema hivyo. Walimu wetu wa sekondari kwa kawaida huandaliwa kufundisha masomo mawili. Wewe umefaulu Kiswahili. Mtaala wa mwaka 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto aliyelelewa katika kambi za polisi, ambaye Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwake, anaweza kuwa mwalimu wa Kiswahili ambaye pia anaijua ngoma, na mkuu wa shule mwenye bajeti ya mwalimu mmoja atamwona kuwa wawili. Uliza katika ofisi ya udahili kama muunganiko wa Kiswahili na sanaa za maonyesho au muziki unaruhusiwa mwaka huu, kwa sababu michanganyiko hupangwa kwa kufuata ratiba ya idara. Usipopatikana, chukua Kiswahili na Historia katika ualimu, kisha ulete dansi kwa njia ya jioni: usajili katika kikundi kimoja makini, angalau siku tatu kwa juma, bila kukosa. Mpango huo wa pili ni mgumu zaidi kuutimiza, na nimeona wengi wakiuacha mwaka wa pili, lakini haukupeleki mbali na unachokipenda.

Kama baada ya kusoma haya bado unaona kwamba kiu yako ni ya kuzichunguza ngoma zenyewe, basi nenda Makerere kwa moyo mweupe, ukijua kwamba stashahada ya uzamili ya elimu itakungoja mwishoni ikiwa utataka darasa la shule. Sitalalamika hata kidogo. Ninachokuomba usifanye ni kuchagua shahada ya dansi kwa kuhofia kwamba ualimu ni wa walioshindwa. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, na kila mara inaniumiza, kwa sababu kila mchezaji mkubwa ninayemfahamu katika nchi hii alianzishwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na ngoma moja na filimbi.

Kuna mambo ya kukagua kabla hujalipa hata shilingi. Kozi iwe na ithibati ya NCHE ambayo muda wake haujapita; baraza huweka orodha wazi, na jina la kozi liandikwe pale kama lilivyo kwenye tangazo la chuo, neno kwa neno. Mikopo ya serikali ya elimu ya juu iliyoanza mwaka 2014 imeelekezwa zaidi kwenye sayansi na teknolojia, kwa hiyo usijenge bajeti yako juu yake. Kisha itazame sakafu. Wengi hunishangaa ninapolisema hili, lakini nimepoteza wanafunzi wengi zaidi kwa magoti kuliko niliowapoteza kwa ada. Runyege ya Bunyoro, yenye njuga nzito miguuni, au edonga ya Karamoja yenye kuruka bila kukoma, ikichezwa kila siku juu ya saruji huanza kuula mfupa wa goko ndani ya muhula mmoja. Kijijini inachezwa juu ya udongo, na udongo unanesa. Studio inayofaa ina mbao zilizoinuliwa kidogo kutoka kwenye saruji. Kama hakuna, uliza kama mazoezi ya kuruka hufanyika nje kwenye nyasi; mwalimu anayekujibu haraka kwamba ndiyo ni mwalimu anayejali.

Wakikuita usaili, usiwaletee mseto wa ngoma tano kama wa harusi. Chagua moja ya kwenu, tuseme akogo ya Teso, uicheze polepole kuliko mlivyoicheza tamashani, uimbe wimbo wake kwa maneno yote, na uwe tayari kueleza uliifunzwa na nani. Wakikuomba umfundishe mmoja wao hatua moja, usistaajabu. Mimi huwaomba hivyo wote, na wachache sana hufurahi ninapowaomba.

Kabla ya hapo lakini, panda basi uje siku ya kawaida ya masomo, wakati hakuna maonyesho wala sherehe ya wageni, ukaombe kukaa nyuma ya darasa la studio saa mbili nzima. Mwombe baba afuatane nawe. Askari aliyekagua gwaride miaka mingi atatambua ndani ya dakika kumi kama mwalimu yule analijua darasa lake, na mtakuwa na la kuzungumza njiani mnaporudi Tororo.